Mlio wa Baba Pacha

Jumanne, tarehe kumi na nne Aprili. Mvua ilianza kabla ya kupambazuka, mvua nzito isiyo na upepo, ikawa inashuka juu ya mabati kama mtu anayemwaga kokoto kutoka kwenye gunia. Kulipokucha ilikuwa bado inanyesha, mbingu imefungwa pande zote, na maji yamefika kwenye kizingiti cha mlango.

Mtaa mzima uliinung'unikia mvua ile. Baba Pacha peke yake alikuwa amelala chali, mikono kifuani, akimshukuru Mungu. Shamba hakuwa nalo, wala pipa la kukingia maji. Alishukuru kwa sababu kishindo kile juu ya bati kilikuwa kimeumeza mlio wake, ule mlio wa masikioni ambao haukumpa nafasi tangu mwaka uliopita. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi aliamka akasikia mambo ya dunia peke yake: mvua, mlango wa jirani, mkewe akipuliza makaa ya pasi.

"Baba Pacha, amka basi. Watoto wanataka kupita hapo wachukue viatu."

"Niache kidogo, mama."

"Unaumwa?"

"Nimepona," akasema, na akacheka kwa sauti.

Mama Pacha alisimama na pasi mkononi. Alikijua kicheko cha mumewe, na kile hakuwa amekisikia muda mrefu. "Umepona kweli?"

"Nakwambia. Sikiliza. Hakuna kitu."

Mvua za namna ile haziagi. Ilikatika kama uzi uliokatwa kwa jino. Juu ya paa pakawa kimya, na ndani ya kimya kile, kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango akisubiri wageni waondoke, mlio ukatoka. Mwembamba, mkali, haupandi wala haushuki. Sufuria mpya ukiigonga hulia hivyo, lakini sufuria ukiiwekea kiganja hunyamaza. Baba Pacha, ambaye kazi yake ilikuwa kufua sufuria, alikwisha kujiwekea viganja kichwani mara nyingi mno. Kichwa hakikunyamaza.

"Bado?" akauliza mkewe alipouona uso wake.

"Umerudi."

Mama Pacha alirudi kwenye sare alizokuwa akizipiga pasi. Hakuwa mwanamke mkatili. Alikuwa amechoka kuhurumia kitu asichokisikia. Mafuta ya uvuguvugu walikwisha kutia, vitunguu saumu walikwisha kusokomeza, dawa za matone walikwisha kununua kwa yule wa duka la kona ambaye aliapa kwamba hata marehemu akitiwa matone yale angesikia akiitwa.

Wale pacha, wasichana wa darasa la pili, walipanda kitandani na soksi zao. Mmoja akabandika sikio lake juu ya sikio la baba yake, akakunja uso kama mganga.

"Mimi sisikii kitu."

"Labda umelala," akasema mwenzake.

"Baba, umelala?"

"Haulali," akajibu baba yao. "Shukeni, mtachelewa shule."

*

Karakana ilikuwa safu ya mabanda yaliyo wazi mbele, na katika kila banda watu wawili wawili wakipiga. Mgeni akipita pale huziba masikio na kukimbia. Wafua sufuria wenyewe hawazibi. Fundi hulijua bati kwa sikio: likiwa bado nene hulia kwa sauti pevu, likianza kuchoka sauti hupasuka, na hapo ndipo uhamishe nyundo kabla hujalitoboa. Mrefu, msimamizi wao, alikuwa na msemo wake: "Mfua sufuria anayeziba masikio ni sawa na mpishi anayeziba pua." Mtu mmoja aliwahi kuja na pamba masikioni, wakamwita bibi harusi mpaka akazitoa.

Sufuria kubwa, zile za kupikia watu wengi, hufuliwa na wawili. Mmoja hushika bati kwa mkono wa kushoto akilizungusha juu ya fuawe, na mkono wa kulia una nyundo. Mwenzake yuko upande wa pili na nyundo yake. Wanapokezana: huyu, yule, huyu, yule. Hawatazamani usoni. Mwenye kuzungusha akitaka kubadilisha mshiko husema "Basi!" na nyundo ya mwenzake hubaki hewani. Neno moja tu, na vidole vya watu vimeishi kwa neno hilo tangu kazi ilipoanza.

Aliyepokezana na Baba Pacha alikuwa shemeji yake, ndugu wa pekee wa Mama Pacha. Walianza kupiga, na mara nyundo zilipochanganya kasi, mlio ukafa. Baba Pacha alihisi mabega yake yanashuka. Hiyo ndiyo siri aliyokuwa nayo na hakumwambia mtu. Nyumbani mlio ulimtesa, barabarani ulimtesa, katika karakana tu ndimo ulimomwachia. Kwa hiyo alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alipiga wenzake wakiwa wamekaa kula. Alikuja hata siku za mapumziko. Watu walimsifu kwa bidii yake, na yeye aliipokea sifa hiyo kama mtu anayepewa mzigo wa mwingine.

"Baba Pacha, njoo ule!" Mrefu aliita mchana. "Au umefunga ndoa na hiyo sufuria?"

"Kuleni tu. Nakuja."

"Mwacheni," akasema shemeji yake, mdomo umejaa. "Dada yangu hajui kupika. Huyu ameogopa chakula chote duniani."

Wakacheka. Mlangoni mwa safu, juu ya kigoda, alikaa Kimya, muuza vyuma chakavu, akichambua ribiti kuukuu, vile visumari vya kuungia vishikio vya sufuria. Yeye hakucheka kwa sababu hakusikia. Aliwahi kufua sufuria katika banda la tatu mpaka masikio yake yote mawili yakafa, ndipo wakambandika jina hilo. Uso wake ulikuwa umetulia katikati ya kelele zile kama mtu aliyekaa kando ya kisima. Baba Pacha alikuwa na mazoea ya kumtazama, na Mungu amsamehe, alimtazama kwa husuda.

Ilikuwa alasiri walipofika kwenye ukingo wa sufuria ya mwisho. Shemeji alikuwa anazungusha. Jasho lilimteleza kiganjani, akataka kubadilisha mshiko.

"Basi!" akasema.

Nyundo ya Baba Pacha ikashuka.

"Basi, shemeji! Ba—"

Aliuona mdomo wa shemeji yake umefunguka kabla hajausikia ukelele. Kisha akaiona nyundo yake mwenyewe mahali ambapo haikupaswa kuwa, na chini yake vidole viwili.

Nyundo zote za safu zikanyamaza. Watu walikuja mbio. Mrefu alimshika majeruhi kiunoni, akamgeukia Baba Pacha.

"Wewe! Mtu anakwambia basi, unaendelea? Mlikuwa na ugomvi?"

"Sikusikia."

"Sisi tuko banda la mbali tumesikia!"

"Sikusikia, wallahi."

"Sikio la kufa halisikii dawa," mmoja akasema nyuma, si kwa sauti ya chini sana. Ajabu ni kwamba hilo Baba Pacha alilisikia.

*

Hospitalini, mganga wa zamu aliyekishona kidonda aliuliza kama aliyempiga alikuwa amelewa.

"Huyu?" shemeji akasema, meno yameumana kwa maumivu. "Huyu hata soda anainywa kwa kijiko. Hakusikia, daktari. Siku hizi hasikii. Tunamwita mara mbili, tatu. Tulidhani ana mawazo."

"Basi naye asiondoke. Mpelekeni chumba cha masikio."

Mama Pacha alikuwa amefika kutoka kwenye nyumba ya wageni alikofua mashuka, aproni yake imelowa mpaka magotini. Alimtazama ndugu yake, akamtazama mumewe, na hakujua aende upande gani. Mwishowe alikaa na mumewe kwenye benchi, lakini aliacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

Mtaalamu wa masikio aliita kutoka mlangoni. Akaita tena. Bibi mmoja aliyekaa jirani akamgonga Baba Pacha begani. "Baba, unaitwa wewe. Au mpaka upigiwe tarumbeta?" Benchi zima likacheka, na Baba Pacha akainuka akicheka nao, maana ukichekwa na ukakataa kucheka unabaki peke yako.

Mtaalamu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Alimulika masikio yote mawili, akamvika vifaa vya kusikilizia, akamwambia anyanyue kidole kila akisikia sauti. Baba Pacha alikaa na mkono umelala juu ya goti. Mkewe, akitazama kupitia kioo, aliona taa ya mashine ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika, na kidole cha mumewe hakinyanyuki. Ndipo alipoacha kumkasirikia na kuanza kuogopa.

"Kaa hapa na mkeo," mtaalamu akasema baadaye. "Mlio huo, wewe unausikiaje?"

"Kama sufuria iliyogongwa ikakataa kunyamaza."

"Basi nikueleze. Ndani kabisa ya sikio, nisipoweza kupaona hata kwa taa hii, kuna vinyweleo vidogo sana. Ndivyo vinavyoipokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa ikivipiga kila siku, vinalala, mwisho vinakufa. Vikifa havioti tena. Sasa ubongo uliozoea kuletewa sauti, ukiona haziji, unatega zaidi. Unatega, unatega, mpaka unaanza kusikia kisichokuwepo nje. Huo ndio mlio wako. Si jini, si wazimu, wala si uongo."

Aliposema "wala si uongo," Baba Pacha alimgeukia mkewe. Mama Pacha aliinamisha kichwa akatazama sakafu.

"Na ukiwa wapi ndipo unapata nafuu?"

"Kazini," akajibu haraka, karibu kwa furaha, kwamba hatimaye mtu amemwuliza. "Nyundo zikianza tu, unakufa. Ndiyo maana naenda mpaka siku za mapumziko."

Mtaalamu aliisukuma mashine kando. "Baba," akasema, "hapo unapopata nafuu, ndipo unapoumia. Nyundo zinaufunika, halafu zinaua vinyweleo vingine, na ukitoka unaukuta umekua. Umekuwa unazima moto kwa mafuta ya taa."

"Na dawa yake?"

"Ya kuuzima kabisa, hatuna."

Yaliyofuata aliyasema vizuri, na Mama Pacha aliyashika yote: kwamba ubongo unaweza kufundishwa kuuzoea mlio mpaka ukawa kama saa ya ukutani, iko na huisikii, kwamba asikae kwenye kimya kitupu, aweke sauti ndogo, redio ya chini au feni, kwamba hofu na kukosa usingizi huulisha, kwamba kuna vifaa vya kusaidia kusikia, na watamwandikia, kwamba asikaribie nyundo bila kuziba masikio, kwamba asitie tena mafuta, vitunguu wala kijiti. Kwamba inachukua miezi, na arudi.

Baba Pacha yeye alibaki pale pale, kwenye "hatuna."

*

"Ulimpiga ndugu yangu kama unapiga bati," Mama Pacha alisema jioni ile. Watoto walikuwa wametumwa kwa jirani.

"Nimeshasema sikusikia. Umemsikia mtaalamu."

"Nimemsikia. Nimemsikia na mengine. Miezi yote unakwenda kule siku za mapumziko, mimi najivuna kwa watu, mume wangu ana bidii, mume wangu hapumziki. Kumbe ulikuwa unatukimbia."

"Sikuwakimbia nyinyi."

"Nyumba hii ina nini ndani zaidi ya sisi?"

"Ina kimya," akasema.

Mama Pacha alikaa kitako ukingoni mwa kitanda. Angekuwa amejibiwa kwa tusi angejua la kufanya.

Mrefu alikuwa amemwambia akae nyumbani mpaka atakapoitwa, na mtu anayelipwa kwa kila sufuria anajua neno hilo maana yake nini. Kwa hiyo siku zilizofuata zilikuwa hivi: mke anakwenda kufua mashuka, watoto wanakwenda shule, na Baba Pacha anabaki ndani na mlio. Aliwasha redio ya chini kama alivyoagizwa. Ya chini hakuisikia. Akaipandisha. Akaipandisha tena, mpaka jirani akaupiga ukuta kwa mwiko.

"Baba Pacha! Hiyo redio umeinunua kwa ajili ya mtaa mzima? Nina mgonjwa huku!"

"Samahani, mama!"

"Usinipigie kelele!"

Hakujua kwamba alikuwa amepiga kelele. Akaizima. Mlio ukamkalia kichwani kama mwenye nyumba.

Siku ya ibada alikwenda, akakaa nyuma. Wakati wa kuimba ulikuwa mzuri. Aliimba hata nyimbo asizozijua. Kisha kiongozi akasema, "Sasa kila mtu aongee na Mungu wake kimya kimya," na watu mia wakainama kwa pamoja. Baba Pacha aliinama nao. Akasema moyoni: Bwana, wewe ndiye uliyeliumba sikio. Nifungie. Sikuombi unirudishie, nifungie tu. Alingoja. Mlio ukapanda, ukajaa kichwa chote, mpaka hakuweza kuyasikia hata maneno ya sala yake mwenyewe. Akainuka, akajigonga kwenye magoti ya watu, akatoka nje. Shingo ziligeuka. Alasiri mtaani ilikwisha kusemwa kwamba kilichomtoa ibadani si bure, ana jini.

"Wanasema nini?" alimwuliza mkewe.

"Hawasemi kitu."

"Mama Pacha. Mimi ni kiziwi, si mpofu. Naona midomo yao ikinyamaza ninapopita."

Mke akamshika mkono. "Mtaalamu alisema miezi. Tumpe miezi."

"Yeye alisema miezi kwa sababu hana mlio."

Wazo lilikuwa limemwingia tangu hospitali, na sasa likakaa. Kama sikio lililokufa nusu linapiga kelele, likifa lote litanyamaza. Mbona Kimya ametulia? Hakuna hasira usoni mwake, hakuna kukuna kichwa. Katika sanduku lake la kazi kulikuwa na msumari mrefu aliounoa mwenyewe, wa kutobolea matundu ya vishikio vya sufuria. Aliutoa alasiri moja, akasimama mbele ya kioo kidogo cha ukutani, na kuusogeza karibu na sikio la kushoto, lile lililozidi. Mkono haukutetemeka. Mkono wa fundi hautetemeki, na hilo lilimtisha zaidi kuliko kama ungetetemeka.

"Baba, unafanya nini?"

Mmoja wa pacha alikuwa mlangoni, begi mgongoni, mwenzake nyuma yake. Walikuwa wametoka shule.

"Sifanyi kitu." Akautia msumari mfukoni. "Naendea kazi yangu karakana. Mama yenu akija mwambieni hivyo."

Alitaka kwanza kumwona Kimya. Mtu hahamii nyumba bila kumwuliza aliyewahi kukaa humo.

*

Kimya alikuwa kwenye kigoda chake, ribiti zimetandazwa juu ya gunia. Nyuma yake mabanda yote yalikuwa yakipiga. Baba Pacha alisikia mlio wake unapungua kadiri alivyokaribia, na akachukia kwamba amefurahi. Alichuchumaa mbele ya Kimya ili midomo yake ionekane.

"Nataka kukuuliza kitu."

"Ribiti? Zipo za kila saizi!" Kimya alisema. Kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe hakuwahi kuipima, na kila alichosema kilisikika mpaka banda la mwisho.

"Si ribiti. Nataka kujua, huko ndani kukoje? Tangu masikio yafe. Hicho kimya, kinakuwaje?"

Kimya alimkodolea macho. "Kimya gani?"

"Chako."

"KIMYA GANI?" Alisukuma gunia la ribiti kwa mguu. Katika banda la kwanza nyundo mbili zikasita. "Nyinyi mliniita Kimya, mimi nilijiita? Mimi kimya sijawahi kukiona! Nina filimbi humu, mchana na usiku, mtu anaipuliza wala hapumui! Ilianza nikiwa bado nasikia. Nikasema, masikio yakifa nayo itakufa. Masikio yalikufa. Yenyewe ikabaki. Sasa tuko wawili tu humu ndani, mimi na yeye, na hakuna mtu wa kuja kututenganisha!"

Nyundo za banda la pili zilinyamaza. Za la tatu zikafuata.

"Lakini uso wako," akasema Baba Pacha, "umetulia siku zote."

"Nimechoka, bwana! Wewe hujaona mtu aliyechoka?"

Kisha Kimya aliacha kupiga kelele. Macho yake yalikuwa yameshuka kwenye mfuko wa suruali ya Baba Pacha, pale ncha ya msumari ilipokuwa imechomoza kupitia kitambaa. Alizoea kuona vyuma. Ndiyo kazi yake. Alikitazama kile chuma, akakitazama kichwa cha mwenye nacho, na akaelewa.

"La kushoto nyundo zililimaliza," akasema, na mara hii sauti yake ilitoka imekwaruza. "Hili la kulia lilikuwa bado linasikia. Nilikuwa nasikia watoto. Nilikuwa namsikia mama yangu akiniita kwa jina langu. Nililimaliza mwenyewe, kwa spoku ya baiskeli, nikitafuta hicho unachokitafuta wewe. Watu wote hapa wanadhani ni kazi. Mama yangu amekufa anadhani ni kazi."

Hakuna aliyekuwa akipiga tena. Safu nzima, kutoka banda la kwanza mpaka la mwisho, ilikuwa imesimama na nyundo mikononi, na Mrefu alikuwa ametoka nje na miwani yake ameivua. Baba Pacha alibaki amechuchumaa. Mlango pekee aliokuwa ameubakiza katika mawazo yake ulikuwa umefungwa usoni pake, na hakujua kama alie au amshukuru aliyeufunga.

"Baba Pacha!"

Mama Pacha alikuja akikimbia, aproni ya kufulia bado kiunoni, kiatu kimoja mkononi kwa sababu kilikatika njiani. Nyuma yake alikuwa ndugu yake, mkono umefungwa bandeji na kushikiliwa juu kama mtu anayeomba ruhusa darasani. Watoto walikuwa wamemwambia walichokiona kwenye kioo.

"Uko wapi?" akauliza, akihema. "Msumari uko wapi?"

Baba Pacha aliinuka. Alitoa msumari mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha mkewe. Alitazama kwingine.

"Nilitaka kupumzika tu," akasema. "Mama, nimechoka. Sikutaka kufa. Nilitaka kupumzika."

"Sasa hivi unasikia?"

"Nakusikia."

"Basi sikiliza. Siwezi kuusikia huo mlio, na niliona kama unanizulia. Hilo ni kosa langu na nitalijibu kwa Mungu. Lakini kuanzia leo usiubebe peke yako. Ukizidi, useme. Niko kazini, njoo useme. Nimelala, niamshe. Utaniamsha?"

"Nitakuamsha kila siku, utachoka."

"Nimekuuliza utaniamsha?"

Alitikisa kichwa kukubali.

"Hapana," akasema shemeji yake. Ilikuwa mara yao ya kwanza kusemeshana tangu siku ile. "Kichwa hakitoshi, shemeji. Kwenye kazi hii tunaaminiana kwa neno. Mimi nilisema neno hukulisikia, nimekusamehe. Sasa wewe sema, na sisi tutasikia."

Baba Pacha alizungusha macho. Watu walikuwa wamefika karibu, wafua sufuria wote, masizi usoni, na hakuna aliyefanya mzaha. Wala hakuna aliyepiga nyundo. Kimya kilikuwa kimetanda kwenye safu ile kama hakijawahi kutanda, na ndani ya kimya hicho mlio wake ulipanda, mwembamba, mkali, ukamjaa kutoka sikio hadi sikio. Mahali pake pa mwisho pa kukimbilia palikuwa pamenyamaza. Alifumba macho. Midomo yake ilicheza kidogo, na mkewe alijua kwamba anaomba. Kisha akayafumbua.

"Naahidi," akaanza.

"Sisikii!" Kimya alipiga kelele kutoka kwenye kigoda chake. "Nigeukie mimi! Nataka kuiona midomo yako!"

Baba Pacha akageuka, akasimama mbele yake, uso kwa uso, na akasema polepole, kwa sauti kubwa, akilitenga kila neno ili hata asiyesikia alishike:

"Naahidi mbele ya Mungu, na mbele ya mke wangu, na mbele yenu nyote. Masikio haya sitayatoboa. Nyundo sitaishika bila kuyaziba, na anayetaka kuniita bibi harusi aniite. Na siku mlio ukinishinda, nitasema kwa mdomo wangu kabla mkono wangu haujafanya neno. Leo umenishinda. Nawaambia."